Mashelisheli ya Dunga

Katika gari ya wagonjwa ya spitali ile ya mjini, nje ilikuwa ya Muhiddin na ndani ilikuwa ya Silima. Sharti hilo hakuna aliyelitunga, lakini lilishikwa kuliko masharti yote ya serikali. Muhiddin alikuwa dereva, basi yeye akifuta vioo, akizisugua taa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi mpaka unajiona sura, akiosha magurudumu kama mtu anayemwosha miguu bwana harusi. Silima alikuwa mchukuzi wa machela, akaaye nyuma na mgonjwa, basi yeye akipiga deki ndani. Alichokikuta humo, damu au matapishi au kingine, kilikuwa chake. Muhiddin alikuwa akisimama mbali na mlango wa nyuma, kitambaa puani, akisema, "Kaka Silima, harufu hiyo isije ikanifika mbele."

Harufu yenyewe ilikuwa haimfiki. Baina ya kiti chake na chumba cha nyuma palikuwa na ubao, na ubaoni kijidirisha cha kioo, na kijidirisha hicho Muhiddin alikitundikia pazia la maua alilolikata kwenye kanga ya mkewe. Miaka yote hakulifungua. Mgonjwa akikata roho njiani, Silima aligonga ubao, maana yake sasa hapana haja ya kukimbia. Muhiddin akisikia kugongwa alizima kengele ya gari na kuwasha sigara. Hiyo ndiyo taazia yake kwa watu wote waliofia nyuma ya mgongo wake.

Udereva aliupata mwaka wa sitini na nne, katika ile miezi ambayo kila kiti mjini kilikuwa kinatafuta wa kukikalia. Dereva wa mwanzo, mzee mmoja mtaratibu, alipanda meli na watu wake na hakurudi. Wakati huo Muhiddin alikuwa utingo wa lori la mbata. Alikwenda spitali kumtazama shangazi yake, akaikuta gari imesimama uani na ufunguo umo ndani, akaketi. Alipoulizwa, wewe nani, akasema, "Dereva." Siku zile jibu hilo lilitosha. Kumtazama shangazi akasahau.

Silima yeye alitoka gatini, alikokuwa akipakia magunia ya karafuu. Alikuwa mtu wa Chwaka aliyehamia Jang'ombe, kifua kipana, maneno machache. Walimchukua kwa sababu ya mgongo wake, na hakuna aliyemfunza kitu ila mahali pa kushika machela. Mengine alijifunza mwenyewe: namna ya kumkalisha mwenye pumu, namna ya kumshika mtu kichwa barabara inapokuwa mbovu, na namna ya kumwambia mgonjwa "tunakaribia" hata kama ndiyo kwanza mmetoka.

Miaka ile chakula mjini kilikuwa cha foleni, na mtu mwenye gari akiwa mtu mkubwa mtaani. Gari ya wagonjwa ilikuwa ikienda shamba tupu na ikirudi na mgonjwa, na Muhiddin aliona ni dhambi kubwa gari kurudi na mgonjwa tu. Chini ya mabao ya kukalia alitia muhogo, kuni, ndizi mbichi. Kutoka Nungwi aliwahi kuleta ngisi wakavu, wakalala bega kwa bega na mzee mwenye homa ya mapafu mpaka mjini. Mzee yule alipona, na Muhiddin kila akimhadithia mtu habari za ngisi wale alimalizia kwa kusema kuwa ile harufu ndiyo iliyomponya. Watu wa barazani walicheka. Nao walikuwa wakila ngisi wake, wangefanyaje.

Silima alimdharau Muhiddin kwa moyo wake wote, naye alikuwa hasemi. Na kwa kuwa alikuwa hasemi, alijidharau na yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku.

Sasa, mwaka mmoja, wakati wa alasiri, waliitwa Uroa. Mwanamke kijana, Tabia jina lake, alikuwa amejifungua asubuhi. Mtoto mzima, mama damu haisimami. Walipofika walimkuta ametolewa na kitanda chake hadi uwanjani, na pembeni amesimama mamake, Bi Kazija, buibui lishafungwa na kitumba cha nguo kiko kwapani. Silima alimtia Tabia katika machela, akamwingiza garini. Bi Kazija akaweka mguu juu ya kipandio.

"Bi mkubwa," akasema Muhiddin, "nafasi hapana."

"Mimi mwembamba, baba. Ntakaa chini."

"Sheria ya spitali, bi mkubwa. Usijitie taabu bure. Njoo kesho na gari ya shamba."

Silima alilitazama lile bao la kukalia. Lilikuwa refu, kavu, halina mtu. Alijua kwa nini linatakiwa libaki hivyo. Angeweza kusema, na kauli yake kule nyuma ilikuwa na nguvu, maana ndani ilikuwa yake. Alikunja shuka ya mgonjwa tu, akaikunjua, akaikunja tena. Bi Kazija akashusha mguu. Hakubishana na dereva. Alimtazama yule wa nyuma, akamwambia, "Mwanangu, basi mtazame wewe."

"Inshallah," akasema Silima.

Walikwenda vizuri mpaka Dunga. Dunga gari ikapunguza mwendo, ikaacha lami, ikasimama. Silima akamsikia Muhiddin anashuka na kufunga mlango wake polepole, kama mtu aliyefika kwake. Kisha akasikia mazungumzo.

"Haya ndiyo uliyonambia makubwa?"

"Makubwa hayo, Bwana Muhiddin. Jana hukuja, yale yalichukuliwa."

"Hili bovu. Nitilie jengine. Na lile pale juu?"

"Bichi lile."

"Lipande ulichume, litaivia nyumbani."

Mtu akapanda mti. Mashelisheli yakaanza kuanguka, moja moja, kila moja na kishindo chake. Tabia alikuwa kimya tangu Uroa. Alifungua macho.

"Mbona tumesimama?" akauliza.

Silima hakuwa mwongo. Ila mtu amelala, uso umekuwa mweupe kama unga, utamwambia nini? Kwamba dereva ananunua mashelisheli?

"Ng'ombe," akasema. "Wanavuka njia."

"Wengi?"

"Wengi kidogo. Sasa hivi wanakwisha."

Tabia akafumba macho, kama mtu aliyeridhika kuwangoja ng'ombe. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, mikono ya Muhiddin ikaingiza gunia. "Sogeza mguu, kaka," akasema, na machela hakuiangalia. Gunia likakaa juu ya bao, pale pale ambapo Bi Kazija angekaa.

Hawajafika Mwera, Silima akagonga ubao. Kengele ikazimwa. Baadaye kidogo ikaja harufu ya sigara.

Kesho yake Bi Kazija alikuja na gari ya shamba, akapewa maiti. Muhiddin ndiye aliyemkabili, kofia mkononi. "Alikwenda taratibu, bi mkubwa, kama aliyelala." Silima alikuwa ndani ya gari na ndoo yake, mlango ameurudisha. Kwa upenyo alimwona yule mama anatazama huku na huku uani, kama anayemtafuta mtu.

Kwa watu wa Silima, maneno ya mwisho ya mtu si ya aliyeyasikia. Ni amana. Aliyekuwapo huenda siku ya hitima, hukaa jamvini na jamaa, huulizwa, husema, na akishasema hurudi kwake mikono mitupu. Hata kama maneno yenyewe ni kuomba maji. Hata kama ni tusi. Silima hakwenda kwenye hitima ya Tabia. Aliona haya kwenda na ng'ombe wake wasiokuwapo.

Alijaribu kumpa Muhiddin amana ile. Ilikuwa siku ya kuosha gari, mmoja nje mmoja ndani, na Silima akatoa kichwa mlangoni.

"Yule mwanamke wa Uroa aliuliza."

"Aliuliza nini?"

"Mbona tumesimama."

Muhiddin alikuwa akisugua taa. "Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia ng'ombe."

"Ukamjibu vyema," akasema Muhiddin, akaipulizia taa pumzi, akaendelea kusugua. "Mimi nisingefikiri ng'ombe. Ningesema tairi." Kisha akataka kujua zaidi. Alimshika mkono? Alilia? Alitaja mtu? Silima akamweleza yote, akidhani mtu anayeuliza hivi moyo wake umeguswa. Hakujua kuwa mwenzake anasikiliza kama anavyotazama mashelisheli, akikisia yatauzikaje.

Tangu siku hiyo swali likabaki garini. Silima alipiga deki, akamwaga maji, akapiga tena, swali liko pale pale. Kila wakipita Dunga, hata wakipita mbio, alilisikia. Nyumbani alikuwa akiweweseka, na mkewe Mize akisikia ng'ombe, ng'ombe, akadhani mumewe anawekeza pesa za siri kununua ng'ombe, akamnunia siku nyingi.

Ulipoingia mwaka wa sabini akaja Bwana Simai.

Bwana Simai alikuwa kijana wa mjini aliyepelekwa ng'ambo kusoma na akarudi na soksi. Alivaa soksi katika joto lile, za rangi ya samli, na alipokaa alivuta suruali juu kidogo ili zipate hewa, au zipate kuonekana. Wakubwa walimpa kazi ya kufanya utafiti: wafanyakazi wa gari za wagonjwa wanaishije, kazi inawafanya nini miilini na mioyoni, nani amechoka, nani hajachoka. Kazi nzuri hiyo, mtu hawezi kuibeza. Alikuwa na huruma kweli, Bwana Simai. Huruma yake ilikuwa karibu sana na macho. Ila alipanda gari mara moja tu, mpaka Nungwi na kurudi, na alikaa mbele. Habari za mwili wa mfanyakazi akamwuliza Muhiddin, na za moyo akamwuliza Muhiddin, na Muhiddin akajibu njia nzima, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja kifuani. Nyuma ya pazia la maua Silima alikuwa amemshikilia mtoto mwenye degedege.

Ikasikika kwamba atakayeonekana kachoshwa zaidi ya wote ataondoshwa garini, atapewa kazi ya kupumzika, kukaa mlangoni na kuita wagonjwa katika kituo kipya cha afya. Na kituo chenyewe kiko wapi? Kiko Uroa.

Silima aliposikia Uroa, kwanza alitoka jasho. Kisha akawaza. Akawaza kuwa angeulizwa, angesema, na akishasema angepelekwa kule kule penye jamvi la Bi Kazija. Angekaa. Angetoa. Miaka hiyo alishindwa kwenda mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mtu akiulizwa, kusema ni wajibu. Asipoulizwa ni ujuba, ndivyo alivyolelewa. Sasa ameletwa mtu kutoka serikalini, na soksi zake, kazi yake ni kuuliza. Silima hakuwahi kumngoja mtu vile tangu siku ya arusi yake.

Waliitwa siku moja. Muhiddin aliingia wa mwanzo. Silima akakaa kwenye ubao nje, chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto na soksi.

"Ndugu Muhiddin," ikasema sauti ya Bwana Simai, "iko safari yoyote usiyoisahau?"

Muhiddin alikuwa anajua kunyamaza. Alijifunza kwa wauza samaki.

"Iko, bwana. Mwanamke wa Uroa. Tabia."

Silima akainua kichwa.

"Alikuwa ametoka kuzaa. Damu, bwana, damu. Nikamwona macho yake. Akanishika mkono huu hapa, akanambia, nakuachia mwanangu. Akanambia, mwambie mama anipe radhi. Kisha akatoa shahada, mwenyewe, bila kutolewa. Tangu siku ile, bwana, nikilala nnauona mkono. Nikila nnauona. Mke wangu anasema nnaweweseka." Sauti ikakatika. Kitambaa kikatoka, kile kile cha taa.

Mtu aliyeshika usukani mkono wake ulishikwa vipi na mgonjwa aliye nyuma ya ubao, hilo Bwana Simai hakuuliza. Alikuwa ameshavua miwani na anaifuta. Silima alimsikia akisema kwa upole kabisa, "Pole, ndugu yangu. Pole sana."

Akaitwa yeye. Akakaa. Bwana Simai macho yake yalikuwa bado mekundu, na alimtazama Silima kwa ile subira ya mtu aliyekwisha shiba na anasogezewa sahani nyengine.

"Na wewe, Ndugu Silima? Iko safari usiyoisahau?"

"Hiyo hiyo."

"Ipi?"

"Ya Tabia. Wa Uroa. Aliniuliza mimi..."

"Ndugu Silima." Bwana Simai aliinua kiganja, taratibu. "Ya mwenzako nshaipata. Nnataka yako wewe. Yaliyo moyoni mwako mwenyewe."

Silima akamtazama. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno. Lakini alijiona anavyoonekana: mtu aliyekaa chini ya dirisha, akasikia cha mwenzake, akaingia kukidai. Na palikuwa na ng'ombe pia. Kisa cha Muhiddin kilikuwa na radhi na shahada; chake kina mashelisheli na ng'ombe wa uongo. Nani angechagua chake?

"Basi sina," akasema.

"Usingizi?"

"Nnalala."

"Chakula?"

"Nnakula."

Bwana Simai alifurahi. Akamwambia amebarikiwa, wako watu Mungu amewaumba na kifua cha chuma, na watu kama hao ndio wanaofaa kubaki garini. Silima akashukuru. Alitoka nje, akachukua ndoo.

Muhiddin akapelekwa Uroa, na siku ya kufungua kituo Bwana Simai alikwenda naye. Watu walikusanyika. Bwana Simai akasimama kuzungumza, na huruma ikamjia tena machoni. Akawaambia wanakijiji wamheshimu mtu huyu, kwani huyu ndiye aliyemshika mkono binti yao Tabia saa ya mwisho, na mzigo wa saa ile anao mpaka leo. Hakuwa na ubaya. Alidhani anampa mtu sifa. Hakujua kuwa amesema mbele ya kijiji kizima kwamba huyu ana amana ya watu.

Bi Kazija alikuwa amekaa nyuma na wanawake, mjukuu wake mapajani. Alingoja watu watawanyike, akamfuata Muhiddin kwenye kiti chake kipya cha mlangoni.

"Baba, nimekuja kuchukua maneno ya mwanangu."

Muhiddin hakubabaika. Alikuwa ameshayasema mara nyingi, yameshalainika. Akampa yote: mkono, mtoto, shahada. "Na akasema, mwambie mama anipe radhi."

"Alisema mama?"

"Kwa mdomo wake, bi mkubwa."

Bi Kazija alishukuru, akaondoka. Tabia tangu kujua kusema hajamwita mama. Alilelewa na bibi yake, bibi ndiye aliyekuwa mama, na Bi Kazija alikuwa Dada mpaka siku ile ya kitanda uwanjani. Uroa nzima inajua hivyo. Tena Bi Kazija aliukumbuka mguu wake juu ya kipandio, na nani aliyemwambia ashuke, na nani aliyeingia nyuma.

Kesho yake akapanda gari ya shamba.

Silima alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, anasugua. Akasikia hodi kwenye bati. Alipogeuka alimwona, na hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Shuka, baba, tuzungumze."

Silima hakushuka, aliketi pale pale mlangoni, miguu nje. Bi Kazija akakaa juu ya ndoo aliyoipindua mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyekaa na mwanangu."

"Mimi."

"Alisema nini?"

Basi ameulizwa. Silima alikuwa ameyaweka maneno yale miaka, ameyafunga na kuyafungua, na sasa yalitoka madogo, kama kitu kilichotolewa mfukoni.

"Aliuliza, mbona tumesimama."

Bi Kazija akangoja. "Kisha?"

"Basi. Ndiyo hayo."

"Na mlisimamia nini?"

"Mashelisheli. Dunga. Dereva alikuwa ananunua mashelisheli."

"Mashelisheli," akasema Bi Kazija.

"Gunia lilikaa kwenye bao. Ulipokatazwa kukaa wewe."

Yule mama aliangalia ndani ya gari, kwenye bao. Aliliangalia sana. Kisha akauliza, "Na wewe alipokuuliza, ulimjibuje?"

"Nikamwambia ng'ombe wanavuka njia."

"Walikuwapo?"

"Hawakuwapo."

"Akakuamini?"

"Aliniamini. Aliniuliza kama ni wengi."

Hapo Bi Kazija akajifunika uso kwa ncha ya buibui, na Silima akaangalia chini. Uani watu walipita na mambo yao. Alipojifunua, uso wake ulikuwa mkavu.

"Ungegonga ubao huo wa dereva ukamhimiza," akasema. "Au ungeshuka ukamvuta shati. Umbo lako hilo, na yeye alivyo. Hukufanya. Hilo la ng'ombe tutaulizana mbele ya Mungu, mimi na wewe, sikusamehe leo ati kwa kuwa umenambia kweli. Lakini maneno ya mwanangu nshayapokea. Huna tena kitu changu."

Alisimama, akairudisha ndoo ilivyokuwa, akaenda zake kutafuta gari ya Uroa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye baraza ya kituo cha afya, na makumbi yake ya kusokota kamba. Alikaa karibu na kiti cha Muhiddin.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, bi mkubwa. Unaumwa?"

"Siumwi. Mbona mlisimama?"

Muhiddin akadhani hakusikia vizuri. Alipofahamu, alicheka, kisha akasema mambo hayo yamepita, ni kudura. Bi Kazija alisokota kamba yake mpaka adhuhuri, akaenda kusali, akarudi kwake. Asubuhi tena alikuja. "Hujambo, baba? Mbona mlisimama?" Sauti ile ile, ya adabu, kama anayeuliza bei. Hakumtukana. Hakumwambia daktari. Muhiddin alijaribu tairi. Bi Kazija akaitikia kwa kichwa na siku ya pili akauliza upya. Alijaribu kukasirika, akaona wagonjwa wote wanamtazama. Baada ya muda wanawake wengine wakalichukua swali lake. Mtu akija na mtoto wa homa, huamkia, hutoa jina, na wakati anasubiri huuliza, bila hata kumtazama, "Ati mbona mlisimama?" Shelisheli likiuzwa gulioni, yeye akinunua, muuzaji humwuliza kama ni la njiani. Mpaka akawa hanunui.

Akawa halali. Safari hii kweli. Alikonda, kola ya shati ikamzidi shingo, na taa za baiskeli yake zilishika kutu. Mwisho akafunga safari kwenda mjini kumtafuta Bwana Simai, akamkuta katika ofisi yenye feni. Akamwambia hapati usingizi, anasikia sauti, anataka kuondoshwa Uroa.

Bwana Simai alishtuka, si kwa huruma. Utafiti ulikuwa umekwisha, umesomwa na wakubwa, na ndani yake Muhiddin ndiye mfano wa mtu aliyepona kwa kuondoshwa garini. Angeugua tena vipi? "Ndugu Muhiddin," akasema, na safari hii miwani ilibaki puani, "wewe umeshapona. Wako wenzako wana shida kweli." Akamwita tarishi amsindikize.

Kutoka hapo akaja uani. Silima alikuwa anamaliza kuosha. Dereva mpya alikuwa mtu wa kawaida tu, ila pazia la maua alilitoa siku ya kwanza, akalifanya kitambaa cha kufutia mafuta. Na Silima alikuwa analala. Juzi juzi ng'ombe waliwazuia kweli pale Jendele, kundi zima, na mgonjwa alipouliza mbona tumesimama, Silima alifungua mlango akamwonyesha.

Muhiddin alikuja akasimama mbali kidogo na mlango wa nyuma, pale pale pake pa zamani. Hakuwa na kitambaa.

"Kaka Silima."

"Naam."

"Yule mwanamke, kaka. Umemwambia nini yule mwanamke? Kila siku, kaka. Kila siku ya Mungu. Wewe anakusikiliza. Mwambie aniache."

Silima alimtazama mtu ambaye kwa miaka yote alimwogopa, na hakuona cha kuogopa. Ila shati kubwa. Alitafuta moyoni mwake huruma, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaikosa. Alinyanyua ndoo, maji machafu yakacheza mpaka ukingoni.

"Nipishe," akasema, "nimwage maji."